Ukikosa, unataka ukosee wapi?

MPENZI msomaji, Jumapili iliyopita nilikuahidi mchezo ambao familia nzima inaweza kuucheza shambani wakati wa likizo, bila kiingilio wala jezi. Ahadi ni deni, nami leo nimekuja kulipa.

Mchezo wenyewe ni gofu ya visahani. Lisikutishe hilo neno gofu. Hapa hakuna fimbo za bei ghali wala viatu vya misumari. Unahitaji kisahani cha plastiki cha kurusha, kile ambacho watoto wa mjini hukiita frisbi, pamoja na kikapu cha kulenga. Unaanzia mbali, unarusha, unakifuata hadi kilipoangukia, kisha unarusha tena kutoka papo hapo mpaka kiingie kikapuni. Aliyetumia mirusho michache zaidi ndiye mshindi.

Mchezo huu ulipata sura tunayoijua leo huko California, Marekani. Mnamo mwaka wa 1975, Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Wham-O iliyotengeneza frisbi, aliweka uwanja katika bustani ya Oak Grove. Mwanzoni wachezaji walilenga vigingi tu. Baadaye Headrick akabuni kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia juu yake. Kisahani kikigonga minyororo hiyo huishiwa na nguvu na kudondoka ndani. Mzee huyo aliupenda mchezo wake hata alipofariki mwaka wa 2002 majivu yake yalichanganywa na plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe.

Sisi kule Othaya, kaunti ya Nyeri, hatukuwa na minyororo. Tulikuwa na kikapu cha baba yangu cha kuchumia majani chai. Tulikiweka juu ya kisiki cha mkaratusi, tukakubaliana kwamba kisahani kikigonga kikapu, hesabu imetimia.

Adhabu ya atakayeshindwa aliitoa baba yangu mwenyewe, ambaye wanangu humwita Guka. Atakayeburura mkia ataamka Jumatatu alfajiri, umande ukiwa ungali mzito, akajaze kikapu hicho hicho majani chai.

Wachezaji tulikuwa watatu: mimi, binti yangu wa miaka kumi na mmoja, na mwanangu wa kiume aliye kidato cha tatu. Huyu wa mwisho alikuwa hajaninenea neno tangu tulipoondoka Nairobi. Tulipita Sagana kimya, tukapita Karatina kimya. Sababu ilikuwa ripoti ya shule iliyokuwa mfukoni mwangu, na maneno niliyoyatamka nilipoisoma.

Mwanangu alirusha wa kwanza. Ana bega pana kijana huyo, na kisahani kilipaa kikaupita mparachichi, kikatua hatua arobaini hivi kutoka kwenye kikapu. Nilipiga makofi, ingawa hakunitazama. Nami nikakaza misuli nikarusha, nikamfikia. Binti alirusha chake kikaanguka karibu na zizi la ng'ombe, mbali nyuma yetu.

Ndipo mambo yalipobadilika. Nyuma ya kikapu shamba linateremka ghafla hadi kijitoni. Mwanangu alikilenga kikapu moja kwa moja kwa nguvu zake zote. Kisahani kikapita juu yake, kikatua kwa ukingo na kubingirika kama gurudumu hadi katikati ya michai. Nami, badala ya kujifunza, nikafanya vivyo hivyo. Binti alirusha mara mbili kwa upole, akasogea hatua chache, akamaliza wa nne. Sisi wanaume wawili tulimaliza tukiwa tumelowa magoti, tukihesabu mirusho saba na minane. Aliyehesabu minane ni mimi.

Guka alicheka hadi machozi yakamtoka.

Mzee wangu si mgeni wa mambo haya. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni alikuwa kedi, yaani kijana wa kubeba mikoba ya wachezaji, katika uwanja wa gofu mjini Nyeri. Alitufundisha kwa maneno machache.

"Wale mabwana walipopiga mpira wa kwanza ukapotelea mawinguni, kila mtu alishangilia," alisema. "Wa pili ndio uliowaaibisha. Kedi mwerevu alikuwa na swali moja tu kabla ya kutoa fimbo: ukikosa, unataka ukosee wapi?"

Swali hilo, mpenzi msomaji, ndilo somo letu la leo. Mrusho wa kukaribia kikapu haukusudiwi kukiingia. Ukiingia, mshukuru Mungu. Kusudi lake ni kukuweka mahali ambapo mrusho unaofuata hautakushinda.

KISAHANI GANI?

Visahani vya mchezo huu huwa vidogo na vizito kuliko frisbi ya kuchezea, upana wake ukiwa sentimita 21 hivi na uzito hata gramu 170. Vile vya kwenda mbali vina ukingo mwembamba kama wembe. Vya kukaribia vina ukingo mnene na butu, huenda polepole na havitelezi sana vikitua. Kosa la wengi ni kutumia cha mbali kwa safari fupi. Huko ni kukata kitunguu kwa panga.

Ukikosa visahani maalumu, frisbi ya kawaida itakufaa, au hata kifuniko cha ndoo kubwa ya rangi kilichosafishwa vyema. Upepo utakisukuma zaidi, lakini mkono utajifunza yale yale.

MKONO NA BEGA

Weka kidole gumba juu ya kisahani, vidole vingine chini vikishika ukingo. Simama ubavu, bega la mkono unaorushia likielekea unakolenga. Vuta kisahani kwa mstari ulionyooka mbele ya kifua, usikizungushe kiuno kama unayefyeka nyasi. Kisahani kinapotoka mkononi, ukingo wa mbele usielekee juu. Ukielekea juu kitapanda, kitasimama hewani, kisha kitaanguka kabla ya kufika.

Ikiwa unatumia mkono wa kulia kwa mtindo huu, kisahani kikipunguza mwendo mwishoni kitakata kuelekea kushoto. Kwa mashoto ni kinyume chake. Hilo si kosa lako, ndivyo kinavyozunguka. Basi lenga kulia kidogo mwa kikapu, ukiache kijirudishe chenyewe.

Umbali usiupimie kwa hasira. Mwendo wa mkono uwe ule ule kila mara. Kinachobadilika ni urefu wa kurudisha mkono nyuma: kidogo kwa hatua ishirini, zaidi kwa thelathini, zaidi tena kwa arobaini. Na usikimbie kabla ya kurusha. Kwenye miteremko yetu, miguu iliyotulia ina faida kuliko mbio.

HEWA YA MLIMANI

Hapa pana jambo lililonishangaza. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki zaidi ya mita 1,900. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Mpira wa gofu hufurahia hali hiyo, kwa maana hewa nyepesi haiuzuii sana, nao huenda mbali zaidi. Mchezaji kutoka pwani akipiga kama alivyozoea, huenda akalipita shimo.

Kisahani nacho ni kinyume. Chenyewe huelea kwa kubebwa na hewa, na hewa ikiwa nyepesi ubebaji hupungua. Kitawahi kushuka, na kitawahi kukata kona. Kwa hiyo mwenzangu ukifika kwa Cucu mlimani na kisahani ulichokizoea ufukweni, usimlaumu mtengenezaji. Rusha mara kumi kwanza uone kinakwendaje.

Upepo nao usiupuuze. Ukivuma kutoka mbele hukiinua kisahani, ukivuma kutoka nyuma hukibonyeza chini. Na asubuhi za ukungu beba kitambaa kikavu, kwani kisahani chenye umande huteleza mkononi kama sabuni.

MAHALI PA KUKOSEA

Kabla ya kurusha, tazama pande zote nne za kikapu. Nyuma pana nini? Kushoto je? Kule kwetu nyuma palikuwa na mteremko na michai, mbele palikuwa na nyasi tambarare. Aliyeanguka hatua tano kabla ya kikapu alimaliza kwa mrusho mmoja. Aliyekipita hatua tano alimaliza kwa mitatu. Umbali ni ule ule, malipo ni mbalimbali.

Mcheza gofu naye hufanya hesabu hiyo. Panapoinama, hupenda mpira ubaki upande wa chini ya shimo, ili pigo la mwisho lipande mlima, kwa sababu mpira unaoteremka haushikiki.

Na zaidi ya yote, kisahani kitue kikiwa bapa. Kikitua kwa ukingo mahali penye mteremko kitageuka gurudumu, nawe utakifuata hadi mtoni.

ZOEZI LA NUSU SAA

Piga duara la hatua kumi kukizunguka kikapu. Katika mashindano, mchezaji aliye ndani ya mita kumi lazima adhihirishe kwamba amesimama imara baada ya kurusha, kabla ya kusonga mbele, kwa hiyo mpaka huo una maana yake. Kisha simama hatua ishirini, urushe mara kumi. Hesabu vilivyobaki ndani ya duara, wala usihesabu vilivyogonga kikapu. Ukipata saba, rudi nyuma hatua kumi. Ukipata chini ya saba, kaa papo hapo.

Andika hesabu yako daftarini. Watoto hupenda kuona namba zikipanda, na baba mtu pia.

Nani asemaye kwamba ustadi wa karibu ni wa wanyonge? Seve Ballesteros wa Uhispania, mtoto wa kijijini Pedreña aliyepata kuwa kedi, alijifunzia gofu ufukweni kwa fimbo moja tu. Kwa fimbo hiyo moja ilimbidi abuni kila aina ya pigo, refu na fupi. Mwaka wa 1978 alikuja hapa kwetu akashinda Kenya Open kule Muthaiga, na baadaye akatwaa mataji makuu matano ya dunia. Mipigo yake mirefu ilipotea vichakani mara nyingi. Wa kukaribia ndio uliomwokoa.

* * *

Jumatatu alfajiri niliamshwa kama ilivyoamriwa. Mlima Kenya ulikuwa umejifunua, theluji kidogo ikimeta kileleni. Nilifunga kikapu mgongoni nikateremka kwenye michai, vidole vikiuma kwa baridi.

Nilikuwa bado sijafunika hata sakafu ya kikapu niliposikia michai ikichakarishwa nyuma yangu. Alikuwa mwanangu. Hakuna aliyemtuma. Akaanza kuchuma mstari wa pili, majani mawili na kichipukizi, kama Guka alivyomfundisha alipokuwa mdogo. Guka humwita "rika langu", maana kijana anabeba jina lake.

Tulichuma kimya kwa muda. Nilikuwa nikiikumbuka ripoti ile. Hesabu alikuwa amepata D, nami nilikuwa nimemwambia kwamba muhula ujao nataka A au asirudi na ripoti nyumbani. Hatua themanini, na nyuma ya kikapu korongo. Sikuwahi kumuuliza akikosa ataangukia wapi.

"Hesabu," nikasema, "muhula ujao unaona unaweza kufika wapi?"

Hakujibu upesi. Alichuma kwanza, akatupa majani kikapuni.

"C, Baba. Nikipata mtu wa kunielekeza aljebra."

"Na A?"

"A sijui. Labda baadaye."

Nilitaka kusema mengi. Mdomo wa baba una mazoea yake. Nikameza.

"Basi C," nikasema. "Na huyo mtu wa aljebra tutamtafuta."

Jua lilipochomoza kikapu kilikuwa kimejaa. Alikichukua mgongoni mwangu bila kuniuliza, akatangulia kupanda. Hapo juu binti yangu alikuwa ameshaamka, yu karibu na kisiki kitupu, kisahani mkononi, akitungojea tuurudishe uwanja wake.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia likizo njema. Na usisahau kitambaa.