Wapangaji wa milimani Mwanza wasisahauliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nami nitoe maoni yangu juu ya makazi ya wananchi wa Jiji la Mwanza, hasa wale wa milimani na wa kandokando ya Mto Mirongo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilaya ya Magu. Mtu anaweza kuuliza mwalimu wa kijiji anaingiliaje mambo ya mjini. Jibu limo katika daftari langu la mahudhurio. Baada ya mvua kubwa za msimu uliopita nilipokea watoto watatu wa familia moja kutoka Mwanza, wote hawana barua ya uhamisho. Chumba walichopanga kiliingia maji, mwenye nyumba akaambiwa abomoe, na mama akawarudisha kwa bibi. Mwenyewe amebaki mjini anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mkubwa wao, wa darasa la tano, ni hodari wa hesabu, lakini sasa husinzia darasani kwa sababu alfajiri anatumwa ziwani kuchota maji.

Sipingi watu walio hatarini kuhamishwa. Aliyejenga chini ya jiwe lililoegemea jiwe jingine, au ndani ya mkondo wa mto, hana budi kuondoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni, na Mei 2020, ziwa lilipopanda hadi kufikia kiwango cha mwaka 1964, sisi wa pwani ya ziwa tuliona wenyewe kwa nini. Ninachouliza ni kwamba anayeondoka anakwenda wapi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Vema. Lakini fidia ya nyumba humwendea mwenye nyumba. Yule mama alilipa kodi ya miezi sita, nyumba ikabomolewa mwezi wa pili, wala hakurudishiwa senti.

Wengi wanadhani dawa ya vibanda ni kubomoa. Serikali yetu iliiacha sera hiyo tangu 1972. Mwaka 1974 ukaanza mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Mwanza ikawa miongoni mwa miji mitatu ya mwanzo, pamoja na Dar es Salaam na Mbeya. Vilipimwa viwanja, zikachongwa barabara, yakapitishwa mabomba, na mwananchi akajenga kwa uwezo wake. Dosari ya mradi ule ni kwamba viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye uwezo, na mpangaji akabaki mpangaji.

Milimani nako kuna mfano mzuri wa karibuni. Kule Mabatini na Igogo choo hakichimbiki kwa sababu ya mwamba, na zamani mvua ikinyesha wengine walifungulia uchafu ukateremka hadi ziwani, tunakochota sisi. Mamlaka ya Maji ikalaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita katikati ya nyumba na mawe, bila kuvunja mtaa mzima. Waliodhani milima hiyo haitengenezeki wakapandishe ngazi wajionee.

Kwa hiyo nashauri panapotengenezeka patengenezwe, na wanaolazimika kuhama wapewe vyumba vya kupanga vya bei nafuu karibu na kazi zao. Ukimpeleka muuza dagaa kilomita 20 kutoka Mwaloni, nauli itakula mtaji, naye atarudi bondeni usiku.

Naomba wahusika watujibu kupitia ukurasa huu: katika mipango iliyopo, mpangaji ameandikwa wapi? Nami barua za uhamisho za wale watoto watatu bado nazisubiri.

Mwalimu wa Kijiji,
Magu, Mwanza.