Juma la Mlolongo Jilore

Jumatatu ya tarehe 22 Februari 1988 Kenya nzima ilijipanga mistari. Chama cha KANU, ambacho wakati ule kilikuwa peke yake nchini, kilikuwa kikiwateua wagombea wake wa ubunge. Badala ya karatasi na sanduku, mwanachama alitakiwa asimame nyuma ya mtu amtakaye, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, ahesabiwe kwa kichwa. Watu wakauita mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alikuwa ameshapita, wala hakuna tena aliyeulizwa kitu juu yake siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 21 Machi.

Juma lile mimi nilikuwa Jilore, kando ya ziwa, mahali ambapo msitu wa Arabuko unakaribia mto Sabaki. Mjomba wangu alikuwa na duka huko: mafuta ya taa, sukari, chumvi, kanga mbili tatu. Ulikuwa mwezi wa Rajabu. Kila jioni tukishasali magharibi redio ilitolewa barazani, tukasikiliza Sauti ya Kenya. Habari zilikuwa ni zile zile: kiongozi huyu ameusifu mlolongo, yule amesema ndiyo desturi ya Mwafrika tangu jadi, mwingine ameonya kuwa asiyependa kuonekana ana lake jambo. Redio ikifungwa, baraza ndiyo ilianza.

Maalimu mmoja aliyekuja kutoka Malindi alishikilia kwamba mlolongo hauna kosa, maana hata baia ilitolewa hadharani, mkono kwa mkono. Hoja ile ilinikaa kichwani. Ni kweli baia haifichwi. Lakini baia huja baada ya shauri, na shauri lina mwendo wake. Sayyidna Umar alipojeruhiwa aliliacha jambo mikononi mwa watu sita, na Abdulrahman bin Auf akazunguka usiku kwa usiku akiwauliza watu maoni yao faraghani, kabla mkono wowote haujanyooshwa msikitini. Nikamwambia hivyo. Akanijibu kuwa mimi napenda ubishi, na huenda alisema kweli.

Mzee mmoja Mgiriama, rafiki ya mjomba kwa miaka mingi (mnazi wake hatukuuzungumza pale barazani), yeye alicheka tu. Akasema kwao wazee wa kambi hukaa peke yao kwanza, wakateta mpaka wakachoka, ndipo wakatoka na neno moja. Hakujua ni jadi ya nani hiyo iliyokuwa ikisifiwa redioni.

Jumatatu tukaenda kiwanjani. Mjomba alikuwa na mtu wake moyoni, tena alinitajia usiku. Lakini wakala wa yule mwingine ndiye aliyekuwa akimpa sukari kwa mkopo, na alisimama mbele kabisa, anatazama. Mjomba akaenda akasimama pale sukari ilipotoka. Rafiki yake yule mzee alikuwa katika mstari wa pili, hatua kama kumi hivi kutoka kwetu. Walitazamana mara moja. Nakumbuka mjomba alivyoishusha kofia yake kana kwamba jua lilimwingia machoni, na jua lilikuwa nyuma yetu.

Hesabu ya pale petu ilikuwa ya haki. Nililishuhudia hilo kwa macho yangu, na ndiyo sababu naandika. Kila lisemwalo juu ya mlolongo hadi leo ni lile la mstari mfupi kutangazwa kuwa ndio mrefu. Hayo yalitokea, tena mahali pengi. Gazeti la Beyond, la Baraza la Makanisa, lilipoyaandika, lilipigwa marufuku mwezi wa Machi mwaka ule ule. Lakini hata pale ambapo hakuna aliyeibiwa kura, mlolongo ulikuwa umekwisha kuharibu. Mzee yule hakununua tena chumvi kwa mjomba mpaka mwaka ukapita. Hakugombana naye. Alikuwa akipita na mtungi wa mafuta ya taa akienda duka la mbali, anatoa salamu vizuri, anaendelea.

Wakuu wa makanisa waliliona mapema. Tangu 1986 walilalamika kwamba mchungaji hawezi kusimama nyuma ya mtu mmoja mbele ya waumini wake wote. Ni hoja nzuri, lakini mwenye duka je? Na mwenye deni? Na mke ambaye ndugu zake wako mstari mmoja na mumewe yuko mwingine?

Mwaka 1990 kamati ya chama chini ya Makamu wa Rais, George Saitoti, ilizunguka nchini, na mwezi wa Desemba mkutano wa KANU ukaufuta mlolongo pamoja na ile asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye vyama vingi vikarudi. Tukadhani jambo limekwisha.

Halikwisha, maana huku kwetu mchujo bado ndio uchaguzi wenyewe. Jilore ni wadi ya Malindi, na tangu 2007 kila aliyeshinda kiti cha ubunge cha Malindi alikuwa na tiketi ya ODM: Mung'aro, kisha Kazungu mwaka 2013, Mtengo katika uchaguzi mdogo wa 2016, Aisha Jumwa 2017, Amina Mnyazi 2022. Mwenye tiketi amekwisha vuka nusu ya mto. Kwa hivyo la kuulizwa ni tiketi hutoka wapi.

Sheria ya vyama iliyorekebishwa Januari 2022 inaruhusu mchujo wa wanachama wote au wa wajumbe wachache tu. Na liko pia lile la "tiketi ya moja kwa moja", wakubwa wakae wakubaliane, jina lisomwe. Msimu ule wa 2022 uliangukia Ramadhani, na barazani Malindi, baada ya tarawehe, niliwasikia vijana wakibishana nani kapewa na nani kanyimwa. Nikawauliza wangapi kati yao walikuwa wameulizwa na chama. Wakatazamana. Mmoja akaniambia, "Mzee, nyinyi angalau mlipangwa."

Mjomba alikwisha fariki wakati huo. Yeye na mzee yule walipatana, siku ya msiba wa mkewe mjomba. Mzee alikuja na gunia la mahindi, akalitua mlangoni mwa duka, akauliza bei ya chumvi.