Kidhibiti cha Bodaboda Hakifai Dinamo

Mji wa Mbale, unaopitiwa na Mto Nabuyonga, umejaa bodaboda, na mafundi wake wanazifahamu barabara. Lakini ujuzi huo waweza kumponza mwenye pikipiki kuukuu ya Kiingereza, kama vile BSA au Triumph ya miaka ya 1950, anapotaka kuitia kidhibiti chaji cha elektroniki.

Nyingi za pikipiki hizo zilitiwa dinamo ya Lucas aina ya E3L, yenye volti 6 na wati 60. Chaji yake hutawaliwa na kikasha chenye koili na ndimi mbili za chuma. Ulimi mmoja hupunguza nguvu ya dinamo betri inapojaa. Wa pili huzuia umeme wa betri usirudi kwenye dinamo injini inapozimwa. Miaka ikipita, platini huungua na springi hulegea. Hapo betri huchemka hata maji yake yakakauka, ama taa hufifia msafiri angali njiani usiku, akipanda kwenda Kapchorwa.

Kidhibiti cha elektroniki hakina ulimi wala platini, na aghalabu huweza kufichwa ndani ya kikasha kile kile cha zamani. Shida ni kuchagua. Mtambo wa bodaboda hutoa umeme wa kupishana. Kidhibiti chake huugeuza uwe wa mkondo mmoja na kuondoa ziada. Dinamo hutoa umeme wa mkondo mmoja tangu mwanzo, nayo hutawaliwa kwa kupimiwa umeme unaoingia katika koili yake ya sumaku. Kazi hiyo kidhibiti cha bodaboda hakiiwezi. Sharti kinunuliwe kilichotengenezwa kwa ajili ya dinamo.

Kabla ya kununua, dinamo ipimwe. Nyaya za D na F zifunguliwe, ncha hizo mbili ziunganishwe pamoja, na mita ya volti iwekwe kati yake na chuma cha dinamo. Injini ikizunguka polepole, volti zipande upesi bila kuyumba, wala zisiachwe zifike 10. Zisipopanda, kaboni zikaguliwe kwanza.

Jambo la pili ni upande wa betri. Pikipiki nyingi za Kiingereza za wakati huo zilifungwa ncha ya chanya kwenye fremu, ambapo za leo hufungwa hasi. Kidhibiti cha elektroniki kikiunganishwa kinyume huweza kuungua mara moja.

Anayetaka volti 12 aweza kuitumia dinamo ile ile kwa kidhibiti cha volti hizo, mradi abadili betri, balbu na honi. Ajue, hata hivyo, kwamba chaji itaanza injini inapokwenda kasi zaidi kuliko zamani.

Kazi ikiisha, betri ipimwe injini ikiwa katika mwendo. Betri ya volti 6 ionyeshe karibu 7.2, na ya 12 karibu 14.4. Mita ikipita hapo sana, injini izimwe na nyaya zikaguliwe upya kabla ya safari.