Lugha za kompyuta nazo zibebe lawama

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kauli hiyo imekuwa ngao ya watetezi wa lugha za kuandikia programu za kompyuta, hasa C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Programu ikivuja, husema lugha haina kosa, mzembe ni aliyeitumia.

Kisa cha Heartbleed kinaonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Dosari hiyo iligunduliwa mwaka 2014 katika OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano iliyotumiwa na tovuti nyingi duniani. Kompyuta moja huiomba nyingine irudishe neno fulani, na kutaja urefu wake. Mlaghai angeweza kutuma neno fupi akidai lina herufi zaidi ya 60,000. Kompyuta iliyoombwa haikuhesabu. Ilichota neno hilo pamoja na chochote kilichokuwa jirani nalo katika kumbukumbu, hata nywila na funguo za siri, ikamkabidhi.

Naam, mwandishi alisahau kuweka kizuizi. Lakini mwenzake aliikagua kazi hiyo kabla haijapitishwa, na bado dosari ikakaa miaka miwili bila kutambuliwa. C haikagui mipaka ya kumbukumbu. Humwachia binadamu mzigo huo katika kila mstari. Mkulima hodari akipewa jembe lenye mpini uliolegea, siku moja atajikata.

Mnamo 2019 Microsoft ilisema takriban asilimia 70 ya dosari za usalama inazoziba kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu. Ni vigumu kuamini kwamba kampuni tajiri kiasi hicho imeajiri wazembe watupu. Google nayo iligeukia lugha zinazolinda kumbukumbu, ikiwemo Rust, katika sehemu mpya za Android, mfumo unaoendesha simu nyingi ambazo Wakenya hutumia kutuma pesa. Kiwango cha dosari hizo kikashuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024.

Februari 2024, Ikulu ya Marekani iliwahimiza watengenezaji wa programu kufuata mkondo huo. Bjarne Stroustrup, mbunifu wa C++, alilalamika kwamba ripoti hiyo ilipuuza ubora wa C++ ya kisasa.

Upande wake una ushahidi mmoja mzito. Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka, ilhali programu yake iliandikwa kwa Ada, lugha iliyosanifiwa kwa kuzingatia usalama. Wahandisi walikuwa wameamua kutoweka kinga kwenye baadhi ya hesabu. Hapo watu waliamua. Katika Heartbleed mtu alisahau. Lugha haiwezi kuzuia uamuzi mbaya, ila usahaulifu inauzuia.

Mvutano uliobaki ni wa gharama, kwani mamilioni ya mistari ya C ingali inatumika. Google haikuiandika upya kazi yote ya zamani. Ilielekeza nguvu kwenye mistari mipya, ambako dosari nyingi huzuka.