Jela ya wenzetu ni makumbusho, yetu ni foleni ya pasipoti

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, najua. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimetekwa. Mlikuwa mnatania, nami nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Sikutekwa jamani. Nilikuwa Johannesburg.

Nilikwenda kikazi, semina ya waandishi wa habari ambayo sitawachosha nayo (mnazijua semina: chai, hotuba, chai). Siku ya mwisho nilibaki na saa chache kabla ya ndege, nikamuuliza dada wa mapokezi pale hotelini niende wapi. Alinitajia maduka mawili makubwa, akanitazama, akaona labda sina sura ya mtu wa maduka. Akasema basi nenda Constitution Hill, yaani Kilima cha Katiba.

Kilima hicho kiko katikati ya jiji, kati ya Hillbrow na Braamfontein. Serikali ya Paul Kruger ilijenga ngome pale miaka ya 1890. Baadaye ngome ikawa jela ya Wazungu, na ubavuni mwake kukawa na jela ya wanaume Waafrika iliyoitwa Number Four. Mwaka 1910 ikaongezwa jela ya wanawake. Gandhi alifungwa kilimani hapo mwaka 1908. Mandela alipitia hapo mwaka 1956 na tena 1962. Winnie Mandela na Albertina Sisulu walikaa upande wa wanawake. Lakini kilichonigusa ni kwamba wengi waliofungwa hapo hawakuwa mashujaa wa kuchorwa kwenye fulana. Ni watu waliokamatwa barabarani bila kitabu cha pasi. Ni akina mama waliopika pombe ya kienyeji ili watoto wale. Maelfu na maelfu yao, na makosa ambayo leo si makosa.

Number Four ndiyo iliyonishika. Kuna maelezo ya mgawo wa chakula, uliopangwa kwa rangi: Mzungu chake, Mhindi na Chotara chao, na Mwafrika kile duni kuliko vyote. Fikiria kuna karani aliyekaa mezani akapima hayo kwa rula, akapiga muhuri, jioni akaenda nyumbani kula na wanawe. Mtu mwenye rungu namwelewa, kwa maana ya kwamba najua anataka nini. Karani ndiye anayenitisha.

Halafu kuna ua. Hapo wafungwa waliotoka kufanya kazi nje walivuliwa nguo zote na kulazimishwa kucheza kitu kilichoitwa tausa: unaruka, unapiga makofi, unageuka, unapanua mdomo, ili askari waone kwamba hujaficha kitu popote mwilini. Popote. Watu wazima, baba za watu, mbele ya wenzao.

Tunajuaje? Kwa sababu ya waandishi wawili wa jarida la Drum. Mwaka 1954 Henry Nxumalo alijitia makosani kwa makusudi ili akamatwe, akafungwa siku chache mle ndani, akatoka akaandika alichokiona. Na mpiga picha Bob Gosani akapanda juu ya jengo la jirani akaipiga picha tausa yenyewe. Nilisimama kwenye ua ule nikajiona mdogo kabisa. Mimi nalalamika ofisini mtandao ukikatika! Nxumalo aliuawa mwishoni mwa mwaka 1956 akiwa kwenye uchunguzi mwingine, na mauaji yake hayakutatuliwa.

Jela ilifungwa mwaka 1983. Kisha wakafanya jambo ambalo bado nalitafakari: Mahakama ya Katiba, ile ya juu kabisa kwa mambo ya haki, ikajengwa juu ya kilima kile kile. Walibomoa jengo la mahabusu wakatumia matofali yake kujengea mahakama. Ngazi za jengo lile wakaziacha zimesimama. Jengo jipya lilifunguliwa tarehe 21 Machi 2004, Siku ya Haki za Binadamu kwao. Ndani ya ukumbi wa kesi kuna dirisha refu jembamba, nalo limewekwa usawa wa ardhi ya nje, hivi kwamba ukiwa umekaa mle unaona miguu ya watu wanaopita. Jaji anasikiliza kesi, na mbele yake kuna viatu vya raia vinapita.

Nilitazama ile miguu kwa muda. Ndipo nikakumbuka miguu yangu mwenyewe, miezi michache nyuma, ikisogea hatua moja moja kwenye foleni ya pasipoti pale Nyayo House, Nairobi.

Mnaona ninakokwenda. Wakenya hatuhitaji viza kwenda Afrika Kusini tangu Januari 2023, pasipoti inatosha. Kwa hiyo, ili nikaione jela ya wenzetu iliyofanywa makumbusho, nilianza kwa kusimama juu ya jela yetu. Maana chini ya jengo lile, orofa ya chini ya ardhi, ndimo walimofungiwa watu miaka ya 1980, wakati wa msako wa Mwakenya. Waliletwa wamefungwa vitambaa machoni. Wamesimulia vyumba vilivyotiwa maji, mtu akakaa majini siku nyingi bila kujua mchana wala usiku. Wamesimulia lifti ya kuwapandisha orofa za juu kuhojiwa na kupigwa, na lifti ya kuwarudisha. Wahome Mutahi, aliyetuchekesha na safu yake ya Whispers, alipitia humo mwaka 1986. Mwandishi wa safu! Tena hayo yote katikati ya jiji, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, matatu zikipita.

Februari 2003 serikali mpya ya NARC iliufungua mlango ule, waandishi na manusura wakashuka, mawaziri wakahutubia, ikaahidiwa kwamba patahifadhiwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru baadhi ya manusura walipwe fidia, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni hadithi. Ripoti ya tume ya ukweli ilikabidhiwa kwa Rais mwaka 2013. Na leo? Nenda ukaulize tiketi ya kuingia unanunuliwa dirisha gani.

Nasikia jibu: tusifukue makaburi, hayo yamepita. Na kuna jibu jingine lenye akili zaidi, ambalo sina namna ya kulipuuza: makumbusho hayazuii kitu. Kilima kile kilikuwa wazi kwa umma mwaka 2012, na bado polisi wa Afrika Kusini, serikali ikiwa ya walewale waliofungwa zamani, waliwaua wachimba migodi 34 Marikana kwa siku moja. Ni kweli. Hata naongeza: serikali hupenda makumbusho yanayoonyesha ubaya wa serikali iliyotangulia. Mwaka 2003 ilikuwa rahisi kufungua mlango kwa sababu aliyeshtakiwa alikuwa ameshaondoka madarakani.

Lakini basi mbona ukafungwa tena? Kama hautishi, kama hauzuii kitu, gharama ya kuuacha wazi ni nini?

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Desemba 2024, baada ya maandamano ya vijana. Wengine wa rika langu. Wengine kwa sababu ya mchoro mtandaoni. Gari lisilo na namba za kueleweka, watu waliofunika nyuso, kitambaa machoni, chumba usichokijua. Mzee aliyepitia Nyayo House angeitambua kila hatua. Sisi hatukuitambua, tukadhani ni jambo jipya, kwa sababu hakuna aliyetupeleka darasa zima kule chini tukiwa na umri wa miaka 14 akatuambia: angalieni, hivi ndivyo inavyofanywa, na inafanywa na watu wenye ofisi.

Baba yangu hakuwahi kukamatwa. Alikuwa karani wa kawaida mjini miaka ile. Nilipomweleza safari yangu alisikiliza vizuri, akauliza habari za Mandela, akauliza chakula cha kule. Nilipofika kwenye Nyayo House akashusha sauti. Tulikuwa wawili tu, sebuleni kwake, televisheni imezimwa.

Pasipoti yangu ni ya miaka kumi. Ikiisha nitarudi kwenye foleni ile ile, na safari hiyo nataka nianze kwa kushuka chini, nimeshika tiketi, pamoja na baba kama atakubali.