Malkovich ndani ya Con Air
Filamu hii ya mwaka 1997 haiingii akilini hata kidogo, tangu wafungwa wanapoiteka ndege angani hadi inapotua kwa kishindo katikati ya Las Vegas, na lile gari lililoburutwa hewani kwa kamba mfano wa tiara nililikataa katakata. Lakini kila atokeapo John Malkovich, naye ndiye Cyrus, kiongozi wa wahalifu wale, hunena kwa upole na taratibu hata nikaingiwa na hofu ya hakika. Mtazameni anapomwelekezea bastola yule sungura wa kuchezea ambaye Poe, mhusika mkuu wa filamu, amemhifadhi awe hidaya kwa bintiye: hapazi sauti, wala hakunji uso, na utulivu ule watisha kuliko miripuko yote. Laiti mtungaji angalimpa hadithi inayostahiki ustadi wake!