Matusi Uwanjani: Lipi Lisamehewe na Lipi Liadhibiwe

Mwezi wa Desemba 2024, Max Verstappen, bingwa wa dunia wa mbio za magari, alifika Kigali, mji ambao msafiri aondokaye Mbarara nchini Uganda alfajiri huufikia siku hiyo hiyo, akatumikia adhabu ambayo ni nadra kusikika katika michezo: alifanya kazi ya manufaa ya umma pamoja na vijana wa Rwanda wanaojifunza mchezo wake, kwa sababu mnamo Septemba, katika mkutano na waandishi wa habari huko Singapore, alikuwa ameieleza hali ya gari lake kwa neno chafu. Hakumtukana mshindani, wala mwamuzi, wala mtazamaji. Alilinena gari, chombo kisicho na mzazi wa kuvunjiwa heshima wala kabila la kudharauliwa, na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, likaona kuwa hata hilo halivumiliki.

Shirikisho halikuishia hapo. Februari 2025, katika mashindano ya rali ya Sweden, dereva Mfaransa Adrien Fourmaux alitozwa faini ya yuro 10,000, na nyingine 20,000 zikaahirishwa kwa sharti la kutorudia, kwa neno alilolitamka akisimulia makosa yaliyompata yeye na wenzake siku iliyotangulia. Madereva wa rali waliona kuwa wamedhulumiwa, na walipokuja Kenya mwezi wa Machi kwa mbio za Safari, chama chao kilitangaza kwamba mwishoni mwa kila hatua wangenyamaza mbele ya vipaza sauti, au wangejibu kwa lugha za mama zao tu. Ilipofika Mei, FIA ilikipunguza kiwango cha msingi cha faini kutoka yuro 10,000 hadi 5,000, ikakubali kwamba neno linalomponyoka mtu katika joto la shindano si sawa na neno alilolinena ameketi mezani kwa utulivu.

Kisa hiki cha magari kina faida kwetu sisi tuliozoea mpira wa miguu, kwa maana kimefichua kosa linalotendwa kila penye mjadala wa matusi michezoni, nalo ni kuyatia maneno yote machafu katika kapu moja na kisha kuuliza kama kapu lote livumiliwe au litupwe. Mimi nasema kwamba neno litokalo kwa uchungu, lisilomlenga mtu yeyote, na lisamehewe. Na kwamba neno linaloelekezwa kwa mtu, kwa mzazi wake, kwa mwili wake, na zaidi ya yote kwa asili yake, lisivumiliwe hata mara moja, liwe limetoka kwa mchezaji, kwa kocha au kwa shabiki. Tena nasema kwamba watu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na wa mji wa Mbarara wana sababu ya kuishika tofauti hiyo kwa nguvu kuliko watu wengi wengine duniani.

Wakubwa wa michezo wenyewe wameshindwa mara nyingi kuishika. Tarehe 9 Julai 2006, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin, Marco Materazzi wa Italia alimwambia Zinedine Zidane maneno ya kumvunjia heshima dada yake. Zidane akageuka, akampiga kichwa kifuani, akatolewa kwa kadi nyekundu, na Ufaransa ikalikosa kombe kwa mikwaju ya penalti. FIFA ilimfungia Zidane mechi 3 na kumtoza faranga 7,500 za Uswisi. Materazzi, aliyetamka neno, alifungiwa mechi 2 na kutozwa faranga 5,000. Ni kweli kwamba FIFA na FIA ni mashirikisho mbalimbali na miaka si ile ile. Lakini mtu mwenye insafu hawezi kukosa kushangaa aonapo kwamba aliyeyalaumu makosa yake mwenyewe huko Sweden alitozwa fedha nyingi zaidi kuliko aliyemtukana mwenzake dada yake mbele ya dunia nzima. Sheria ya namna hiyo hulinda masikio ya wasikilizaji, nayo huuacha moyo wa aliyetukanwa bila mlinzi.

Sasa na tuitazame Nakivale. Makazi hayo, yaliyomo katika wilaya ya Isingiro, yalifunguliwa mwaka 1958, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe kabisa barani Afrika; kando ya ziwa lake walianza kukaa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwisho wa miaka ya 1950, na baada yao wakaja Wakongo wa Kivu, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, hata leo idadi yao imepita laki moja na nusu. Jua linapopungua ukali, kutoka Base Camp hadi Juru na Rubondo, viwanja vya vumbi hujaa vijana, na timu aghalabu hufuata vijiji. Na kwa kuwa vijiji vingi vilikaliwa na watu wa asili moja, mechi ya jirani na jirani huweza kuwa, pasipo mtu yeyote kuitaka hivyo, mechi ya mataifa mawili, au ya makabila mawili yaliyoachana kwa damu. Katika uwanja kama huo, kijana aliyekwatuliwa akipiga yowe la laana kwa maumivu ya mguu wake, hakuna kilichoharibika. Lakini akimwinukia aliyemkwatua na kumwita kwa jina ambalo baba zake waliitwa siku ile nyumba zao zilipochomwa, basi mchezo umekwisha hapo hapo, hata kama refa hajapuliza kipenga.

Sineni hayo kwa kutia chumvi. Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza nchini Rwanda mwezi wa Julai 1993, iliwazoeza watu kuwaita Watutsi mende, hata mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994 wauaji walikuwa wamekwisha kulainishwa dhamiri zao. Na Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha, katika hukumu ya Desemba 2003, iliwatia hatiani wawili katika waasisi wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti kwa sababu ya maneno waliyoyaeneza. Kivu nako, kumwita mgeni jirani aliyezaliwa pale pale, na baba yake kabla yake, kumekuwa dibaji ya kumfukuza. Watu waliopatwa na mambo hayo ndio wanaoketi kandokando ya viwanja vya Nakivale, na watoto wao ndio wanaocheza. Kuwaambia kwamba tusi la asili ni sehemu ya mchezo, na kwamba mwanamume wa kweli hulimeza na kuendelea kukimbia, ni kuwataka wasahau ilimu waliyoinunua kwa gharama isiyo na kifani.

Wapo watakaonijibu kwamba mchezo bila maneno makali ni kama mazishi, na kwamba Afrika ya Mashariki ina jadi yake ya kutupiana maneno. Jibu hilo lina haki yake, na nalipokea kwa heshima. Tangu siku za ngoma ya beni, vyama vya Marini na Arinoti viliposhindana Tanganyika kwa mavazi, midundo na nyimbo za kupigana vijembe, mashindano yetu hayakupata kuwa bubu. Huko Tanzania, Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, na Simba, iliyofuata mwaka 1936, huitana watani wa jadi. Gor Mahia na AFC Leopards wa Kenya huitana mashemeji. Lakini utani una masharti yake, na kila aliyelelewa ndani yake anayajua: pande zote mbili zimeukubali, kila mmoja ana haki ya kujibu, na anayenitania leo ndiye atakayekuja kunisaidia kesho nikifiwa. Shabiki wa Simba humcheka wa Yanga kwa magoli aliyofungwa. Hamwambii kwamba hastahili kuwa hai, wala kwamba nchi si yake. Pale ambapo mkataba huo wa ujamaa haujafungwa, kama baina ya vijana waliokutana ugenini wakiwa na majeraha mabichi, tusi haliwezi kujisitiri kwa vazi la utani. Na vijana wa Nakivale wakijijengea utani wao kwa miaka, nitakuwa wa kwanza kuufurahia.

Kuna pingamizi nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ya utekelezaji. Sheria ya 12 ya mpira wa miguu inaagiza kwamba mchezaji anayetumia lugha ya kuudhi, ya kutukana au ya kudhalilisha atolewe nje, wala haikutaja lugha gani. Lakini refa ana masikio mawili tu. Huyo anayechezesha Nakivale huenda akawa anafahamu Kiswahili na Kinyankole, pengine na Kinyarwanda. Kisomali, Kibembe na Kiamhari hupita mbele yake kama upepo. Hapo huzaliwa dhuluma isiyokusudiwa: kijana anayetukana kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya wote, huonyeshwa kadi, na mwenzake anayetukana kwa lugha ya nyumbani kwao hutukana akiwa salama. Madereva walipotishia kujibu kwa lugha za mama zao katika mbio za Safari, walikuwa wameuona udhaifu uo huo. Hata Kombe la Dunia haliko mbali na taabu hiyo, maana kabla ya mechi ya Uingereza na Marekani, Juni 2010 huko Rustenburg, waamuzi wa Brazil waliopangiwa mchezo huo walijifunza matusi ya Kiingereza, huku mmoja wao akikiri kuwa haiwezekani kufanya hivyo kwa lugha zote.

Ugumu huo wataka ufundi, hautaki kukata tamaa. Mwaka 2011 mchezaji Luis Suárez alimwita mpinzani wake Patrice Evra kwa rangi yake katika uwanja wa Uingereza, kwa Kihispania, na refa hakulisikia. Hata hivyo Chama cha Soka kilikaa baada ya mechi, kikawasikiliza wajuzi wa lugha hiyo, kikamfungia Suárez mechi 8 na kumtoza pauni 40,000. Nakivale haina pauni, lakini haipungukiwi wajuzi wa lugha hata kidogo. Waandaaji wa ligi na wakae na wazee, akina mama na vijana wa kila jamii kabla ya msimu kuanza, kila jamii itaje yale maneno ambayo ikiyasikia inakumbuka vita, na maneno hayo yaandikwe na kusomewa manahodha. Kila mechi na iwe na msikilizaji mmoja kutoka kila upande, mtu mzima anayeaminika na wote, atakayekuwa kando ya uwanja, na ambaye ushahidi wake utapokewa baada ya mchezo hata kama refa hakusikia. Nahodha na awe mdhamini wa ndimi za wenzake, na kocha awe mdhamini wa nahodha, kwa maana mtoto hujifunza tusi kwa mkubwa anayemfokea kutoka kwenye benchi.

Adhabu nazo ziangaliwe kwa busara. Faini kwa kijana asiye na kipato humwangukia mama yake. Bora afungiwe mechi, na katika siku hizo apewe kazi ya kuwanufaisha aliowatukana: achezeshe watoto wa kijiji chao, asawazishe kiwanja chao, awachotee maji wachezaji wao. Verstappen alifanya kazi na vijana mjini Kigali. Zidane naye, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuuacha mpira, alizibadili mechi zake 3 kwa siku 3 za kuwahudumia watoto. Na kwa tusi litokalo kwa mashabiki, Mkutano Mkuu wa FIFA uliokutana Bangkok mwezi wa Mei 2024 ulipitisha ishara ambayo kwa Nakivale ni kama iliyoundwa makusudi: aliyetukanwa kwa rangi yake huipishanisha mikono yake kwenye vifundo vya mikono, na refa huanza hatua tatu, kwanza kuusimamisha mchezo, kisha kuzitoa timu nje kwa muda, na mwisho kuuvunja kabisa. Ishara hiyo haihitaji mkalimani. Ligi zetu na ziichukue, tena ziipanue iwe ya rangi, ya kabila na ya taifa.

Nimesema mengi juu ya Nakivale, lakini mzigo mkubwa zaidi uko mjini. Kijana wa makazi anapopata nafasi ya kucheza Mbarara, mji ambao timu yake, Mbarara City, ilipanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2017 na kuufanya uwanja wa Kakyeka ujulikane nchini kote, hapaswi kuzomewa kutoka jukwaani kuwa ni mkimbizi, kana kwamba hifadhi aliyopewa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ni aibu ya kutangazwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na jukwaa zima likijikwaa ulimi ni shida kulisimamisha. Mwaka 2027 Uganda, Kenya na Tanzania zitaipokea Afrika kwa Kombe la Mataifa, na desturi za majukwaani hazijengwi katika wiki ya ufunguzi. Hujengwa katika ligi za wilaya, mbele ya watu mia mbili.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa mpira wa Isingiro na Mbarara, kwa herufi na kwa roho ya Sheria ya 12, waiandike kanuni hii kabla msimu ujao haujaanza: uchungu wa mchezaji usamehewe, utu wa mchezaji usiguswe. Anayeona kanuni hiyo ni ngumu mno na afikirie ni nani atakayekuwa akicheza pale, na wazazi wake walitoka wapi, na kwa sababu ya maneno gani.